Herufi za Mlazo na Jina Lake

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika katikati ya kazi, plota, mashine yetu ya kukatia stika, ikaikata ya mteja vipande viwili. Wiki imeanza vizuri sana!

Simel, mwandishi wetu wa mabango, kafika viatu vimejaa tope, brashi zake kwenye ule mkebe wa maziwa ya watoto. Kaka huyu hana haraka. Anamsalimia kila mtu mpaka fundi viatu wa nje, ndiyo anaingia dukani. Bosi Modest wa magari ya watalii alikuwa keshafika zamani, anazunguka kama mwenye njaa. Anataka Landkruza zake zote ziandikwe upya kabla ya msimu, tena kwa herufi za Simel, si nyingine. Wageni wake wanakosea gari kwenye geti la hifadhi. Anataka walione jina la kampuni likiwa mbali na limejaa vumbi.

Kazi yangu mimi ni kuziingiza herufi hizo kwenye kompyuta. Simel anachora moja moja kwenye karatasi kubwa, mimi nazipiga picha, kisha nazifuatisha kwa mausi, nukta kwa nukta. Nilidhani ni kazi ya wiki. Wapi! Tangu Januari niko nazo.

Nimemuuliza leo kwa nini anaandika nene hivyo. Kasema baba yake alikuwa akitia ng'ombe alama kwa chuma cha moto, na alama nyembamba ngozi inaifuta ikishapona. Gari nalo lina vumbi lake. Kwa hiyo anaandika nene, halafu anaacha matumbo ya herufi wazi, a na e na B, ili vumbi likijaa bado usome. Miguu hataki. Zile herufi za magazeti zenye vikucha juu na chini haziwezi barabara ya huku, anasema, tope linanasa kwenye vikucha. Na zote zinalala kwenda mbele. Ukizidisha mlazo zinaanguka. Ukipunguza, zinaonekana kama mwandishi alikuwa mgonjwa.

Nikamwonyesha kwamba kompyuta yenyewe inaweza kulaza herufi, unabonyeza tu. Akaitazama O. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti imekuwa yai lililokaliwa! Kweli bwana — upande mmoja umevimba, mwingine umekonda. Tumeichora upya kwa mkono.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumekwama mlango wa kushoto!

Ni hivi. Ukisimama upande wa kulia wa gari, herufi zikilala zinaelekea mbele, kwenye injini. Gari limesimama lakini unaliona kama linaondoka. Haya, zunguka upande wa kushoto uandike vilevile: herufi zinalala kuelekea nyuma, kwenye tairi la akiba. Modest kaliona hilo asubuhi, kelele zake mtaa mzima umezisikia. Eti kampuni yake inakwenda mbele upande mmoja, upande wa pili inarudi Arusha.

Nikamwambia Simel tugeuze karatasi tufuatishe kwa nyuma. Hapana. R inakuwa kioja, S inatazama ukutani. Lazima zote zichorwe upya, zilale kinyume lakini zisomeke kama kawaida. Simel kasema hajawahi. Miaka yote mlango wa kushoto alikuwa akiuandika wima tu, na hakuna aliyeuliza. Kajaribu A. Mkono ukamkataa. Akajaribu tena, na tena. Kasema ni sawa na kupanda punda ukitazama mkia.

Mchana nimehifadhi zile za kulia, zimekamilika. Programu inataka jina la fonti, bila jina haihifadhi kitu. Sikumuuliza mtu. Nikaandika SIMEL, nikaongeza Koza Mlazo, yaani nene za kulala, kama wafanyavyo wenye fonti zao. Nikamwita aone. Akasogea karibu na kioo.

Akauliza, litaonwa na watu wangapi?

Nikamwambia wakipenda, dunia nzima.

Akasema sawa dada, akarudi kwenye A yake.

Nilikuwa na furaha sana leo. Nilipomweleza mama akasema nisijisifu mapema. Mama naye!

Jumatano, 23 Aprili

A, B, D, E za kushoto zimekubali. Sasa anahangaika na K.

Madereva wameshaanza: "Dada Hanifa, niandikie kwa Simel." Jina limekuwa jina la mwandiko! Kinyozi kataka kwa Simel. Kwaya ya kanisa, bango la kwa Simel. Bwana mmoja wa Endabash kataka kadi ya harusi yote, mpaka ukumbi na saa, kwa herufi hizo. Simel mwenyewe kakataa. Kasema hizi ni za kusomwa kwa mbali. Ukizitumia kwa maneno mengi ya karibu, mtu ataona anafokewa harusini. Nimemchagulia bwana harusi herufi nyembamba za kusimama. Kanuna, kalipa, kaenda.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, sisi tupo kazini. Simel kafika M ya kushoto. Kesho anapanda nyumbani Nainokanoka, hajamwona mkewe tangu Pasaka. Kaacha brashi zake kwangu, zimeoshwa. Atarudi Jumatatu tumalizie N mpaka Z.

Jumamosi, 3 Mei

Lori la mahindi. Alikuwa juu ya magunia na wenzake. Mteremko wa kule juu, utelezi, ukungu. Limepinduka.

Wengine wameumia. Simel amekufa.

Modest ndiye kanipigia. Nilikuwa nakata stika. Mashine ikaendelea kukata, mimi nimesimama tu.

Simel amekufa. Siamini hata nikiandika.

Jumatatu, 5 Mei

Sijui kukaa bure. Nikikaa nalia, mama naye analia. Nimefanya ninachojua: bango la msiba. Kubwa, lenye picha yake akiwa na brashi, ile aliyocheka. Jina lake juu kabisa kwa herufi zake mwenyewe, nene, za mlazo, nyeusi kwenye nyeupe. Chini yake, Pumzika kwa Amani. Hayo maneno niliyaweka madogo, wima, kama alivyonifundisha.

Nimeipanga nafasi kati ya M na E mpaka macho yameuma. Nilitaka asiweze kunikosoa.

Mama kasema ni zuri. Modest kaliona, kafunika uso kwa kofia. Kesho tunapanda naye kwenye mazishi.

Jumatano, 7 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Tulifika mapema. Mimi na dereva wa Modest tukalifunga bango kwenye nguzo mbili mbele ya boma, mahali ambapo kila anayefika lazima alione. Nilijivuna! Nikarudi nyuma kidogo nikaliangalia. Lilisomeka vizuri hata kwenye ukungu.

Waliokuwa wakiongea polepole wakaacha. Naisula, mkewe, alitoka mlangoni akiwa ameshikwa na wanawake. Hajui kusoma lakini picha aliiona, na mtoto mmoja wa shule akalisoma jina kwa sauti. Akamaliza kulisoma, shangazi yake akamziba mdomo. Naisula akavuta shuka usoni akageuka, wakamrudisha ndani. Alipiga kelele moja. Nimeisikia usiku kucha.

Akaja Olais, kaka mkubwa wa marehemu, na wanaume wawili. Wakalifungua bango, hawakulichana, wakalikunja taratibu, wakalitia kwenye gari letu. Olais akanisalimia vizuri kabisa, akaniambia pole na safari. Afadhali angenitukana.

Mchungaji alihubiri mwanzo mpaka mwisho, "ndugu yetu, ndugu yetu". Jina hakulitaja hata mara moja. Ndipo nikaanza kuelewa. Kwenye gari dereva akanimalizia: ukoo ule, mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Ukilitaja unamsumbua aliyelala, na waliobaki unawatonesha. Hata mwenye jina kama lake pale bomani watambadilishia.

Nikamwuliza Modest kama alijua. Kasema, mimi nilidhani umeshauliza.

Nilifanya naye marehemu kazi miaka sita. Sikuwahi kumuuliza kwao wanazikaje.

Ijumaa, 16 Mei

Kwetu ni kinyume kabisa. Hitma ya marehemu baba, kila mwaka jina lake linatajwa mbele ya watu, na mama hulia akilisikia, na kulia huko ndiko kunakompoza. Leo nimemuuliza mama: lingekuwa halitajwi? Kasema angechanganyikiwa. Angekuwa na mzigo asio na pa kuutua.

Sasa nani yuko sawa? Sijui. Mimi nikikaa peke yangu dukani ninamwita. Kwa sauti. Simel, hii nafasi imekaa sawa? Inanisaidia.

Leo kaja mama Bernadina wa Kansay, ana mashine yake ya kusaga. Anataka kibao. "Niandikie kwa Simel, nimeona kwenye magari." Nikakunja uso bila kujua. Akauliza kama Simel ni bei ghali. Nikamwambia Simel amefariki, mama. Akashika kifua. "Kumbe ni mtu?"

Nikamwandikia kibao chake. UNGA SAFI. Hakuna mwenye kosa.

Jumatatu, 26 Mei

Olais amekuja dukani.

Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha. Chai hakuigusa mpaka aliposema lililomleta. Si bango, alisema, la bango limekwisha, ulikuwa mgeni wa jambo. Ni magari. Magari ya Modest yanapita Nainokanoka kila siku, yanasimama, wageni wanapiga picha. Madereva wanaonyesha mlango na kulitaja jina. Vijana wanalitaja. Juzi akina mama wako kwenye maji, dereva akamwambia mgeni wake, herufi hizi ndizo zinaitwa fulani — Olais mwenyewe alisema "fulani" — na mke wa ndugu yake akayaacha maji pale akarudi ndani. Hakupika. Sasa kila akisikia gari, anaingia ndani.

Alisema: hatusemi herufi zifutwe. Kazi yake ni nzuri, iache iishi. Lakini jina mpe apumzike.

Nikamwambia, kaka Olais, hilo jina ndilo kitu pekee cha kwake nilichobaki nacho. Nililia mbele yake, sikuona aibu.

Akaniacha nilie. Kisha akasema, kwetu mtu akiwa na jina la kitu, akaondoka, sisi tunabadilisha jina la kitu. Kitu hakina uchungu.

Nikauliza, jina jipya atoe nani? Akasema si mimi, na si wewe peke yako. Njoo juu tukae.

Tangu alipoondoka sijalitamka. Nililianza mara moja nikipanga stika, nikaishia katikati. Hapa pia siliandiki tena. Nitasema yeye.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Modest. Yameharibika.

Faili la fonti nilishampa mwezi uliopita, na jina ndani yake. Kaagiza kava za tairi la akiba la nyuma kwa mchapaji wa Arusha, gari zote. Katikati jina la marehemu, chini yake "mkono wa mwisho wa Mmasai". Kanionyesha kwenye simu. Anasema wageni wanapenda stori, wakiuliza herufi hizi ni za nani, dereva awe na la kujibu.

Nikamwambia mambo ya Naisula. Kwamba anaingia ndani akisikia magari yako, bosi. Magari yako!

Nilijitayarisha kwa ugomvi. Badala yake akalia, mtu mzima yule, kofia mkononi. "Nilimpenda yule bwana, Hanifa. Nisipolitaja jina nitamkumbuka vipi?"

Swali lenyewe ni langu.

Baadaye akatulia. Kasema kava zinachapwa Jumatano ya wiki ijayo, wageni wa kwanza wanaingia Ijumaa kabla ya Idi. Nikimletea jina jingine lililotoka kwa familia yenyewe, atabadilisha kila kitu na madereva atawaambia yeye mwenyewe. Nisipoleta, yanabaki yaliyopo. Hawezi kuandika kava tupu.

Halafu kaniambia: au weka la kwako. Nusu ya kazi ni yako.

Nimerudi nikiwa na hasira naye, na hasira zaidi kwamba nilifurahi kidogo.

Jumapili, 1 Juni

Nimefunga duka nichore. N, P, R, S ya kushoto. Karatasi zake za A mpaka M nimezibandika ukutani, nafuata unene wake. Unaujua mkono wake: anashuka kwa nguvu, anapanda kwa wepesi. Kompyuta haijui hayo, lazima uyaseme kwa nukta. R imenitesa. Mguu wake wa mbele ukilala nyuma unafanana na mtu anayekataa kwenda. Nimeufupisha. Sijui yeye angefanyaje. Sina wa kumuuliza, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, si jina.

Nimefungua kile kisanduku cha jina la fonti. Nimelifuta lililokuwemo. Kidole changu mwenyewe. Nilidhani nitahisi kama nimemzika mara ya pili, na kweli ndivyo nilivyohisi.

Nikaandika HANIFA, nione tu lilivyo.

Lilikuwa zuri. Nikalifuta haraka, nikafunga mashine, nikaenda kumsaidia mama kuchambua mchele.

Keshokutwa napanda.

Jumanne, 3 Juni

Nainokanoka. Naandika nimekaa kwenye benchi la duka lenye sola, laptopu iko ndani inachaji katikati ya simu za watu. Baridi! Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Vidole havikunjuki vizuri lakini nikikaa bila kuandika nitatetemeka zaidi.

Nimepanda asubuhi na gari la mwalimu mmoja wa huku. Njia nzima naogopa, na si utelezi. Uso wa Naisula.

Amenyoa kichwa, shanga zote amevua. Nikamsalimia, "Takwenya." Akaitikia, "Iko," akanipa mkono. Nikamwambia palepale, kabla sijakaa, naomba unisamehe kwa lile bango. Kiswahili chake ni cha taratibu, anachagua neno. Akasema, "Ulileta kitu cha kwenu. Ulidhani kizuri." Kisha, "Kilikuwa kizuri, dada. Ndiyo maana kiliniumiza."

Tulikaa ndani, yeye na mimi na Olais na wazee wawili wa ukoo. Laptopu juu ya kigoda. Nikawaonyesha herufi, za kulia na za kushoto. Kisanduku cha jina kitupu. Nikawaeleza: mashine haihifadhi bila jina, na Modest anachapa kesho. Olais akawatafsiria wazee.

Mzee wa kwanza akasema ziitwe jina la hapa, Nainokanoka. Olais akasema hapana, hapa pana watu wengi, ugomvi utaanza wa nani kapewa. Mzee wa pili akataja jina la ukoo. Wakalizungusha. Nikaona linakwenda kukubalika, nikaanza kupumua.

Naisula akainuka akatoka. Nikajua nimemkera tena.

Akarudi na dumu la maji la njano. Akaliweka kando ya laptopu, akaligeuza upande. NAISULA. Rangi nyeusi, imechubuka kwenye kona, lakini ni zilezile. Nene. Zinalala kwenda mbele, kwenye mdomo wa dumu. Kumbe marehemu alikuwa amewaandikia akina mama wote wa boma, wasigombanie madumu kwenye maji! Miaka sita na hakuwahi kunitajia. Nilizitazama zile A mbili, ile L, machozi yakanitoka, maana nilizijua kila moja.

Naisula akaweka kidole juu ya dumu. "Weka hili."

Olais akamwuliza kitu kwa Kimaasai. Akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Mimi niko hai. Nikiitwa naitika."

Wakaanza wote. Olais hakupaza sauti lakini alikuwa mkali. Jina la mjane liandikwe kwenye matairi ya watu? Kila dereva alitaje, kila kijana wa mjini? Kaka zake yeye watasema nini? Na siku naye akiondoka, itakuwaje, tuanze upya?

Naisula akasema, siku hiyo mtatafuta jingine, mtakuwa mnajua namna. Akasema, wakisimamisha gari nitatoka nje. Niangalie nani ananiita. Kuliko kuingia ndani.

Akanigeukia. "Andika."

Nikamtazama Olais. Hakunitazama. Nikaweka vidole. N. A. I. Betri ikakata, kioo kikawa cheusi. Mzee wa pili akacheka, akasema hata mashine inataka kikao. Wengine hawakucheka. Olais akaniambia kwa upole, dada nenda dukani ukaichajie, hili tulimalize wenyewe. Maana yake nitoke. Nikatoka.

Hapo nilipomwacha Naisula alikuwa bado amesimama, mkono juu ya dumu.

Modest ametuma ujumbe: "Jina?" Nimemjibu subiri. Ametuma tena: "Mchapaji anafunga jioni."

Na mimi nataka nini? Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Nataka lile jina la kwanza. Nitalitaka mpaka nife. Lakini nilipoliona lile dumu nilifikiri, yeye angechagua hili. Bila hata kufikiri mara mbili. Angesema tu N imekaa sawa, endelea.

Nimeingia kuangalia. Chaji imefika nusu. Nimeiwasha, kisanduku kitupu tena, kishale kinapepesa. Naweza kuandika sasa hivi nimtumie Modest, yakaisha. Sitafanya hivyo. Niliwahi kuandika jina bila kuuliza.

Naona watu wawili wanashuka kutoka bomani. Ukungu, siwatambui vizuri. Mmoja ana fimbo, mrefu, huyo Olais. Mwingine amebeba kitu cha njano. Huku mwanaume ndiye hutangulia, mzee zaidi, na mjane wa juzi ndiyo kabisa hukaa nyuma. Nimesimama nione vizuri.

Aliyetangulia ndiye mwenye dumu.